Soksi Nyekundu za Kiwanja cha Shinyanga

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruka. Nilizungushwa. Mkuu wa Marubani, mtu mfupi aliyekuwa na desturi ya kuvua kofia kabla ya kumgombeza mtu, alinipokea kwenye karakana ya Dar es Salaam nikiwa na suruali mpya iliyonikaba kiuno, akaniamuru nimfuate kuizunguka ndege. Tulipomaliza tukaanza upya. Nilikuwa nimetoka Ushirombo, mtoto wa wakulima, nimesomeshwa na mapadre, nimefaulu mafunzo ya urubani, nikadhani nitapewa usukani siku hiyohiyo. Badala yake jua lilinikuta bado natembea.

"Ndege hukaguliwa kwa miguu, kijana," alisema. "Ukigundua ubovu ukiwa juu, umeshachelewa."

Tukafika puani. Chini ya pua ya ndege, kushoto na kulia, palikuwa na vijibomba viwili vyembamba vilivyochungulia mbele. Hivyo ndivyo viitwavyo pitoti. Ndege inapokwenda, upepo huingia kwenye tundu la mbele, na msukumo wake ndio unaosogeza mshale wa kasi mbele ya rubani. Mwenye gari hujua kasi yake hata kwa kutazama miti inavyopita. Rubani aliye ndani ya wingu hana mti wa kutazama, ana vijibomba hivyo tu. Ndege inapolala kiwanjani, vinavishwa vifuniko vya turubai ili vumbi na wadudu wasiingie. Sisi tuliviita soksi, na kila soksi ilikuwa na utepe mwekundu ulioning'inia ili mtu asije akaruka nazo kwa kusahau.

Nikauliza kwa nini utepe ni mwekundu. Mkuu wa Marubani alikuwa na jibu tayari.

"Kwa sababu nyekundu huonwa hata na mjinga."

Tulicheka sote, mafundi na mimi. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye akili zake akiitazama nyekundu ile huona nini. Nami sikuuliza, ingawa kwa nilikotoka nilikuwa na sababu zote za kuuliza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mwanza, miaka michache baada ya mgodi mkubwa wa Geita kufungwa. Meneja wa Kituo alinipa kindege kidogo, nikapeleka barua, dawa na maofisa wa pamba kwenye viwanja vya changarawe vya ukanda ule: Geita, Kahama, na sehemu nyingine ambazo kiwanja kilikuwa malisho mpaka ndege ilipolia angani, ndipo wachungaji wakaanza kutoa ng'ombe mbio. Meneja yule alikuwa mtu wa mashaka. Kila nilipoaga alisema, "Nenda, lakini mimi mawingu hayo siyapendi," hata kama mbingu ilikuwa nyeupe. Nilimwona mwoga. Sasa nikikumbuka, namwona mtu aliyewazika wenzake.

Miaka ile niliijua Geita kwa kuitazama kutoka juu. Mgodi ulikuwa umekufa, majengo yake yanaota kutu, na pembeni yake vilima vya udongo uliosagwa, udongo mweupe usioota kitu. Vijana waliobaki walikuwa wakichimbachimba kwa sululu kando ya mashimo ya zamani. Watu waliniambia panasikitisha. Kwangu mimi palikuwa alama nzuri ya njia, maana weupe ule haukufanana na kitu kingine chochote kati ya ziwa na Kahama.

Kutoka hapo nilihamishiwa Tabora, kisha nikarudishwa Dar es Salaam kufundishwa ndege kubwa ya abiria, ya injini mbili zenye pangaboi. Nikawa rubani msaidizi, anayekaa kiti cha kulia. Kiti cha kushoto alikaa Kapteni Bakari.

Kapteni Bakari alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mkimya, mwenye swala tano na mdomo wa utani uliofunguka mara chache lakini ukauma. Alikuwa ameanza kuruka kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kila rubani alikuwa na sifa yake, na ya kwake ilikuwa kwamba hakumwachia mtu kazi ya kuizunguka ndege. Kwa utaratibu ilikuwa kazi yangu. Yeye alinikalisha ndani nipange vyombo, akazunguka mwenyewe, mvua au jua, akigusagusa magurudumu kwa kiganja.

"Siyo kwamba sikuamini, Lenadi," aliniambia. "Mimi nisipoigusa sipati usingizi."

Nilimpenda mtu yule. Naliandika hili wazi kwa kuwa yanayofuata yanamhusu yeye zaidi yangu, na wengi walioyasimulia waliyasimulia vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mafuta ya ndege yalikuwa ya kubahatisha. Unatua mahali ukiwa na matumaini, unaambiwa lori liko njiani, na njia za masika mnazijua. Ndivyo tulivyokwama Shinyanga mwezi ule wa mvua, ndege tupu, abiria wamelala kwenye nyumba za wageni mjini wakitulaani. Ndege tuliiacha kiwanjani mikononi mwa mlinzi, Mzee Kulwa.

Mzee Kulwa alikuwa Msukuma wa upande wa Kharumwa, mtu wa koti refu la kijeshi na fimbo iliyonyooka. Tulipozoeana nilimuuliza swali ambalo kila mtu wa kwetu humuuliza mtu aitwaye Kulwa, jina la pacha wa kwanza.

"Na Doto yuko wapi, mzee?"

"Doto alipigwa na radi," alisema. "Tulikuwa machungani. Alikuwa amejifunga kitambaa chekundu, mimi nilikuwa sina. Tulikuwa tumesimama pamoja, Baba Tereza. Pamoja kabisa."

Baba Tereza ni mimi. Nilimpa pole. Kwetu hakuna asiyejua kwamba wingu likisimama, nguo nyekundu huanuliwa na mtoto mwenye sweta jekundu huvuliwa. Mama yangu alikuwa akikimbia kutoka shambani kwa ajili ya kanga moja tu. Kule radi si hadithi. Huingia darasani, huingia zizini, na mahali ilipopita watu hutafuta sababu waliyoweza kuiondoa kwa mikono yao.

Hatimaye lori la mafuta likafika. Kesho yake asubuhi tukaenda kiwanjani, mbingu ikiwa ya kijivu na nzito upande wa ziwa. Mzee Kulwa alitusalimu kwa "Mwangaluka" yake ya kila siku, nami nikamrudishia, kisha nikamwamkia shikamoo kwa kuwa alilingana na baba yangu. Ndege ilikuwa imefutwa vumbi. Soksi zilikuwa mahali pake, tepe nyekundu zimenyooka. Kapteni Bakari alizunguka, akazivua, akachungulia matundu ya pitoti kama alivyozoea, akapanda.

Abiria walipokuwa wanaingia, mzee mmoja aliyejitambulisha kuwa fundi cherehani wa Kahama alinisimamisha mlangoni. Mwanawe alikuwa amepasuliwa tumbo hospitali ya Mwanza, na tangu tukwame hakuwa na habari zake. Aliomba akae kiti cha mbele kabisa ili awe wa kwanza kushuka. Kiti kilikuwa wazi, nikamwonyesha. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Tuliondoka vizuri kuelekea Mwanza. Mishale ya kasi, wa Kapteni na wangu, iliamka pamoja na kupanda pamoja. Tukaingia wingu, na mvua ikaanza kuupiga uso wa ndege kwa kishindo kile ambacho mtu hukizoea lakini hakipendi. Tulikuwa bado tunapanda nilipoona mshale wangu unashuka.

"Kapteni, mimi napoteza kasi."

"Mimi naongeza," alisema.

Nikatazama upande wake. Kweli, mshale wake ulikuwa unapanda taratibu, unakaribia alama nyekundu, kasi ambayo ndege hutakiwa isiivuke isije ikapasuka. Wangu ulikuwa unaelekea sifuri. Ndege moja, viti viwili vinavyogusana, na chombo kimoja kinasema tunakimbia mno, kingine kinasema tumesimama.

Ninyi mliozoea skrini za leo hebu mkae hapo kidogo. Ukiuamini mshale wa Kapteni, utainua pua na kupunguza nguvu ili kasi ishuke. Kama mshale unadanganya, kasi itapungua kweli, mabawa yataacha kubeba, na ndege itaanguka toka ndani ya wingu kabla hujajua ni mshale upi uliokudanganya. Ukiuamini wangu, utashusha pua na kuongeza nguvu, na kama nao unadanganya utaikimbiza ndege chini mpaka ipasuke au ikute mlima. Kila mkono unataka kufanya jambo, na kila jambo ni kifo cha aina yake.

Niliona mkono wa Kapteni Bakari ukianza kuvuta usukani. Halafu ukasimama. Alikuwa anasikiliza. Injini zilikuwa zinavuma vilevile, upepo kwenye vioo ulikuwa vilevile, na kwenye chombo cha upeo, kile kinachoonyesha ndege imelalaje ukilinganisha na ardhi usiyoiona, pua ilikuwa palepale ilipopaswa kuwa.

Akatoa leso yake mfukoni, akaipachika juu ya mshale wake wa kasi hadi ukafichika.

"Funika wako."

Nilifunika kwa kofia yangu.

"Macho yakiona namba huiamini hata ukiyakataza," alisema. "Sasa hatuna kasi. Tuna upeo, tuna nguvu ya injini, tuna masikio. Wewe nisomee nguvu na urefu. Usininyamazie."

Hiyo ndiyo njia, na ndiyo niliyowafundisha baadaye wote waliokaa kiti changu. Ndege ikiwekwa pua kiasi fulani na ikapewa nguvu kiasi fulani, itakwenda kasi inayojulikana, upende usipende. Kapteni Bakari alizijua namba hizo kwa kichwa. Aliishika ndege pale, akanyoosha mabawa, na mimi nikasoma mpaka sauti ikakwaruza. Nyuma yetu watu walikuwa wanasali, wengine rozari, wengine dua, na mtoto mmoja alilia bila kupumzika.

Tuliwaita mnara wa Mwanza. Wakajibu kwamba mvua imekifunika kiwanja, hawaoni hata jengo la zimamoto. Nyuma yetu, upande wa Tabora, radi zilikuwa zimesimama mstari mzima. Kapteni akageukia magharibi, polepole, bawa likiinama kidogo tu, akitafuta mahali wingu lilipopungua giza. Hatukujua upepo umetusukuma kiasi gani. Ndipo wingu likapasuka chini yangu kwa muda mfupi, nikaona weupe.

"Geita," nikasema. "Ule udongo wa mgodi. Najua hapa, Kapteni. Nilikuwa naleta barua hapa."

"Una hakika?"

"Kama nyumbani kwetu."

Tulikuwa tumepata pa kuanzia. Kutoka pale nikampa uelekeo wa kurudi Shinyanga kwa kupitia juu ya Kharumwa, na mtu wa redio wa Shinyanga akatuambia mvua kwake imepungua, anauona mwisho wa kiwanja. Nilifurahi. Kapteni Bakari hakufurahi, maana kazi yake ngumu ilikuwa bado. Kuruka bila kasi ni jambo moja. Kutua ni lingine, kwa sababu kutua ni kuipunguza kasi mpaka karibu na ile inayoua, na kusimamia hapo.

"Nitakuja kwa haraka," aliniambia. "Haraka tutavunja ndege. Polepole tutavunja watu. Waambie wafunge mikanda, wainame."

Tulitoka chini ya wingu, tukaiona mistari ya majaruba ya mpunga, kisha kiwanja chenyewe, changarawe nyekundu inayong'aa maji. Aliiweka chini taratibu kabisa. Mimi nimetua na marubani wengi na sijaona mkono kama ule. Lakini tulikuwa na kasi ya ziada, kama alivyokusudia, na breki juu ya changarawe iliyolowa hazikushika. Mwisho wa kiwanja ulikuja ukapita. Baada yake kulikuwa na mbuga, ule udongo mweusi ambao masika huwa uji. Gurudumu la mbele lilizama, likavunjika, pua ikalala ndani ya tope mpaka kwenye vioo. 

Watu walitoka. Walitoka wakiwa na michubuko na mifupa michache iliyovunjika, mimi nikiwa na bega lililovunjika. Wote walitoka isipokuwa fundi cherehani wa Kahama. Ukuta wa mbele ulikuwa umejikunja juu ya kiti kile nilichomwonyesha. Kapteni Bakari alikaa naye mpaka walipomchukua, ameshika kiatu kimoja cha fundi kilichomvuka, akikipangusa tope kwa kiganja. 

Nililazwa hospitali ya Shinyanga. Mzee Kulwa alikuja kunitazama akiwa na kibuyu cha maziwa mgando, akakaa pembeni ya kitanda, fimbo katikati ya magoti.

"Pole, ng'wanawane, mwanangu. Mungu amewaponya."

"Amina, mzee. Mmoja hakumponya."

"Nimesikia. Nimesikitika sana." Akatikisa kichwa kwa muda. "Lakini radi haikuipiga ndege yenu. Siku zote mlizoiacha kwangu haikuipiga. Nilikuwa macho."

Nilimuuliza alikuwa macho vipi. Akanieleza bila wasiwasi, kama mtu anayesimulia alivyolisha ng'ombe wa jirani. Kila wingu liliposimama alizivua zile nguo nyekundu za puani, akazikunja na kuziweka ndani ya koti lake. Mbingu iliposafika alizirudisha na kuzifunga vilevile alivyozikuta. Kuna siku mawingu yalikaa tangu asubuhi mpaka jioni bila mvua, naye akakaa nazo kifuani siku nzima.

"Hukuona kitu wakati unazirudisha?"

"Nyigu tu. Wale wanaobeba udongo. Walikuwa wanaingia na kutoka kwenye vile vijibomba. Niliwafukuza."

Nilifumba macho. Nyigu wa udongo hahitaji muda mrefu. Anabeba donge, analiingiza ndani kabisa ambako jicho la mtu anayechungulia halifiki, anaweka mayai, anaziba. Udongo mkavu uliachia upepo kidogo ukapita, ndiyo maana mishale iliamka wakati wa kuondoka. Mvua ya ndani ya wingu ikaulowesha, ukawa tope, ukaziba. Kijibomba cha Kapteni kiliziba chote na kufungia upepo ndani, mshale wake ukapanda kadiri tulivyopanda; changu kiliziba mbele tu, upepo ukavujia kwenye kitundu cha kutolea maji, mshale ukafa. Kapteni Bakari angeweza kuizunguka ndege ile mpaka viatu vimwishe, asingeona kitu.

Nikamweleza Mzee Kulwa yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui aliamini kiasi gani, ila aliona uso wangu.

"Wakubwa wa shirika wanataka kumnyang'anya Kapteni leseni," nikamwambia. "Wanasema alitua kwa kasi kwa uzembe. Hayo uliyoniambia, utawaambia wao?"

"Kwani ni siri?" akasema. "Wakiniuliza nitawaambia."

Tume ilikuwa ya watu watatu, na ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa mhandisi, mtu wa huku kwetu, wa upande wa Masumbwe, aliyesoma ng'ambo na kurudi na miwani mizito. Swali lao lilikuwa moja: mishale ilikufa kweli angani, au Kapteni aliharibu kutua kisha akatafuta kisingizio? Udongo ulikuwa umekutwa ndani ya pitoti, ndiyo. Lakini pua nzima ilikuwa imechimbuliwa toka kwenye tope la mbuga, na udongo ulikuwa umejaa hata kwenye taa. Nani angesema upi ni wa nyigu na upi ni wa mbuga? Mtu pekee duniani aliyeweza kusema ni Mzee Kulwa.

Naye alisema. Alisimama na koti lake, akaeleza mawingu, soksi, kifua chake, nyigu. Alieleza na habari za Doto, ili wamwelewe. Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mjumbe mwingine akamuuliza kama siku hizo alikuwa amekunywa pombe.

"Sinywi," alisema Mzee Kulwa, akakaa.

Jioni ile Mwenyekiti aliniita nje, penye maegesho. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

"Lenadi, wewe ni mtu wa Ushirombo. Unajua ninachokabiliana nacho."

"Sijui, mheshimiwa."

"Taarifa hii itasomwa na waliotuuzia ndege. Itasomwa na kila shirika. Unataka niandike kwamba ndege zetu zinalindwa na watu wanaoogopa kitambaa?"

"Nataka uandike kilichotokea."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mama yangu alikuwa akianua nguo nyekundu," alisema. "Mpaka leo anaanua. Nilisoma miaka yote ile nisije nikaonekana mtoto wa mtu wa namna hiyo. Siwezi kuiandika mimi."

Taarifa ilipotoka, Mzee Kulwa hakuwemo. Iliandikwa kwamba hitilafu ya vyombo haikuthibitika na kwamba rubani alitua kwa kasi iliyozidi. Kapteni Bakari alinyang'anywa leseni. Alikabidhi kofia na beji kwa Mkuu wa Marubani, yuleyule wa siku yangu ya kwanza, ambaye safari hii alivua kofia na hakugombeza mtu. Nilimwandama mkuu huyo wiki nzima kuhusu zile tepe. Nilimwomba zibadilishwe rangi, ziwe za njano, za bluu, za chochote. Alisema rangi imewekwa kwa sheria za dunia nzima, na tena, sababu ya kuibadilisha iko wapi? Imeandikwa wapi?

Hilo ndilo lililoniuma na bado linaniuma. Kama wangemfukuza Mzee Kulwa, habari ingeenea. Kila mlinzi wa kila kiwanja kutoka Kahama hadi Mwanza angejua kwamba soksi haivuliwi. Lakini neno lake lilikuwa limefutwa, na huwezi kumfukuza mtu kwa neno ambalo halikusemwa. Akabaki kazini.

Masika yaliyofuata nilitua Shinyanga na kapteni mpya. Tulipokuwa tunakunywa chai kwenye jengo la abiria wingu likasimama, nikatazama dirishani, nikamwona Mzee Kulwa anakwenda puani kwa ndege kwa mwendo wake wa taratibu. Nilitoka mbio na chai mkononi.

"Mzee, tuliongea. Uliniambia umenielewa."

"Nilikuelewa, Baba Tereza."

"Mbona unazivua?"

Alinitazama kwa upole, soksi moja tayari imekunjwa kifuani.

"Nilikwenda nikawaambia wakubwa yote, mbele ya watu. Hawakunigombeza. Hawakunikata hata siku moja ya kazi. Kama ningekuwa nimekosa, si wangenifukuza?"

  Nilichoweza ni kuwaambia marubani wenzangu kwa mdomo, mmoja mmoja: ukilaza ndege ukanda ule, pitisha waya mwembamba ndani ya pitoti kabla ya kuruka. Wengine walifanya. Wengine walicheka, wakaniita mganga wa Ushirombo, na mimi niliwaacha wacheke ilimradi wapitishe waya. Mzee Kulwa alistaafu, akarudi kwao, akafia kitandani. Hakuna ndege iliyopata kupigwa na radi katika kiwanja chake, na nina hakika alikufa akilijua hilo.

Kapteni Bakari nilimtembelea Pangani wakati Mzee Kulwa yungali kazini. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na hakutazama juu ndege ilipopita. Tulizungumza habari za watoto. Nilipokuwa naaga akaniuliza swali moja tu kuhusu yale.

"Yule mlinzi mzima?"

Nilimwambia mzima, na bado anazivua.

"Alipewa ndege ailinde," alisema Kapteni. "Aliilinda kwa anachokijua. Sisi je, alipewa nani atulinde?"

Sikumwona tena. Taarifa ile haijawahi kufunguliwa upya, na waliokaa kwenye ukumbi ule wamebaki wachache.

Mimi sasa niko nyumbani Ushirombo, bega langu linanitabiria mvua kabla ya redio. Nimeandika haya kwa vijana wanaorusha ndege, wajue kwamba chombo kikikudanganya kuna njia ya kukifunika na kuendelea, lakini kwa jambo ambalo watu wameona haya kuliandika, njia sijaiona. Jana alasiri wingu lilisimama toka upande wa Kahama, jeusi, lenye kishindo kwa mbali. Mama Tereza aliita toka jikoni, nguo ziko nje, kuna blanketi jekundu. Nimesoma radi. Najua inavyotembea, najua rangi haiijui. Niliinuka, nikalianua lile blanketi kwanza kabla ya nguo nyingine zote, nikalikunja, nikaliingiza ndani.